Kusafisha Picha au Kufuta Sura?

Utangulizi

Kwa miaka mingi hapa nchini, ukisema unapeleka mkanda ukasafishwe, kila mtu alikuelewa. Kusafisha picha ilikuwa kuitoa gizani: mkanda unaingia kwenye dawa, unakaa, na taratibu sura ya mtu inajitokeza. Leo kijana akikuambia "ngoja niisafishe kwanza" ana maana nyingine kabisa. Ameshapiga kwa simu, sasa anafuta. Anafuta vipele, mikunjo ya paji la uso, na zile chembechembe zinazotapakaa kwenye vivuli kama mchanga. Neno ni lile lile, kazi yake imegeuka kinyume. Zamani lilileta, sasa linaondoa.

Makala haya yanahusu chembechembe hizo katika picha za nyeusi na nyeupe zinazopigwa kwa kamera za kidijitali, na ndugu yake chembe, yaani tabia ya lenzi. Swali langu ni moja: chembe ni uchafu, au ni sehemu ya habari inayosimuliwa? Nitalijibu kwa kumhakiki Sebastião Salgado, mpigapicha wa Brazil aliyezaliwa 1944 na kufariki 2025. Nimemchagua yeye kwa sababu mbili. Alifanya kazi kwa mkanda na baadaye kwa dijitali, na moja ya kazi zake nzito aliipigia hapa hapa Tanzania. Njia yangu itakuwa ile tuliyoizoea madarasani, fani na maudhui. Picha nayo ni kazi ya sanaa, kwa hiyo inahakikika kama riwaya.

Chembe zinatoka wapi

Mafundi wa kompyuta huziita kelele, neno walilolitoa kwenye redio: ule mkoromo unaousikia stesheni ikiwa mbali. Jina si baya, ila linatufanya tudhani kamera ni mbovu. Mara nyingi kamera haina kosa. Ni nuru yenyewe.

Hebu chukua makopo kumi yanayofanana, yapange uani wakati wa manyunyu, halafu yaondoe baada ya muda mfupi. Hutakuta matone sawa. Kopo moja lina matone sita, la jirani kumi na mawili, jingine tisa. Ikinyesha mvua ya masika hasa, makopo yale yale yatajaa karibu sawa na tofauti hutaiona. Basi nuru nayo huanguka kwa matone, na pikseli ndiyo kopo. Pikseli zikipokea wastani wa matone 9, zitapishana kwa kama matone 3, theluthi nzima. Zikipokea 10,000 zitapishana kwa kama 100, yaani moja katika mia. Ndiyo maana picha ya mchana wa jua hutoka laini, na ya usiku wa kibatari hutoka na mchanga.

Mkanda ulikuwa na chembe za asili nyingine: punje za madini ya fedha zinazogeuka nyeusi zikipata nuru na dawa. Mkanda uliotengenezwa kuona kwenye nuru ndogo, kama Tri-X ya Kodak iliyoletwa kwa kamera ndogo mwaka 1954, ulikuwa na punje zinazoonekana zaidi. Asili ni mbili lakini ujumbe unafanana. Pale chembe zilipo nyingi, mara nyingi nuru ilikuwa haba. Ni kama shahidi anayeieleza mahakama kwamba "niliona, ila kulikuwa na giza". Shahidi huyo mimi ninamwamini kuliko anayedai aliona kila kitu.

Sasa tuje kwenye ngozi. Ngozi nyeusi hurudisha nuru kidogo kuliko nyeupe. Watu wawili wakikaa mbele ya kibatari kimoja, uso mweusi utapeleka matone machache zaidi kwenye kamera. Kwa hiyo nyuso za kwanza kuingiwa na chembe ni zetu. Hiyo bado si dharau, ni hesabu tu. Dharau inaweza kuanza pale tunapoamua la kufanya na chembe hizo.

Fani: chembe ya Benako na chembe ya theluji

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu kama robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara ndani ya saa 24. Walikusanyika Benako. Salgado alifika mwaka huo huo akapiga kambi ile kwa mkanda wa nyeusi na nyeupe, na picha zake zikaingia katika kitabu chake cha Exodus cha mwaka 2000. Umati unaenda hadi macho yanapokoma, moshi wa meko unachanganyika na vumbi, turubai hazina idadi. Ukiangalia vivuli vya picha hizo utaona chembe. Hakuna aliyezipanga. Zimo kwa sababu mkanda ulikuwa ule na nuru ya moshi ilikuwa ile. Chembe, vumbi na moshi vinashikana hadi huwezi kusema kipi kimeishia wapi. Kwa maoni yangu hapo fani na maudhui vimeoana, jambo ambalo walimu wetu walikuwa wakilisema kila siku na mifano ikawa michache.

Mwaka 2004 alianza kazi nyingine kubwa, Genesis, iliyotoka kama kitabu 2013. Mwanzoni alitumia mkanda mpana zaidi. Usumbufu ukawa viwanja vya ndege, kwa kuwa mashine za ukaguzi zilikuwa zikiharibu mikanda. Mwaka 2008 akahamia kamera ya kidijitali ya Canon. Hapa ndipo penye mjadala. Picha za kamera hiyo zilikuwa laini mno kwa jicho lake, basi zikapitishwa kwenye programu ya kampuni ya DxO ya Ufaransa inayoiga chembe za Tri-X. Baadaye zikatengenezewa negativu halisi, na kutoka negativu hizo zikachapwa kwenye karatasi.

Chukua zile za Wanenets, wafugaji wa kulungu wa kaskazini mwa Urusi, alizozipiga mwaka 2011. Msafara unapita juu ya barafu, kila upande ni theluji. Theluji ina nuru tele, makopo yote yamejaa. Kama ni kwa asili yake, picha ile ingekuwa na chembe chache sana. Chembe unazoziona humo si za giza lolote. Zimenyunyizwa, kama mpishi anavyonyunyiza chumvi.

Je, huo ni uongo? Sitakimbilia kusema ndiyo. Kitabu kilikuwa kimeanza kwa mkanda na kikamalizika kwa dijitali. Bila chembe zile msomaji angeona vitabu viwili vilivyogandishwa pamoja. Mwandishi wa riwaya anaelewa tatizo hilo. Ukianza na msimulizi wa aina moja, huwezi kumbadilisha sauti sura ya kumi kwa sababu umenunua kalamu mpya. Lakini ushahidi na sauti ni vitu viwili. Chembe ya Benako ni ushahidi. Chembe ya theluji ni sauti ya msimulizi. Anayezichanganya, na vijana wengi tunazichanganya, ataishia kubandika chembe za Tri-X juu ya picha ya harusi iliyopigwa saa sita mchana, halafu aseme picha yake ina "uzito".

Fani: tabia ya lenzi

Lenzi nayo ina tabia, kama mwimbaji alivyo na koo. Kioo kisichopakwa dawa hurudisha karibu asilimia 4 ya nuru kwenye kila uso wake. Lenzi ya vioo vinne vilivyotengana ina nyuso nane, kwa hiyo zaidi ya robo ya nuru haifiki inakotakiwa. Sehemu yake hutangatanga ndani ya lenzi na kutua kwenye vivuli, ikavifanya viwe vya kijivu badala ya vyeusi. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss alibuni namna ya kupaka vioo ili kupunguza hasara hiyo. Lenzi nyingi za kabla ya hapo, na za bei nafuu za baada ya hapo, zilibaki na ukungu wao. Ongeza kingo zinazofifia na pembe zinazoingia giza, unapata ile sura tunayoiita "ya zamani".

Picha za Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe Rohit, zinapendwa leo na vijana wanaotafuta sura hiyo. Lakini ukizitazama kwa makini, kinachokushika si lenzi. Kinachokushika ni mtu: namna alivyoweka mkono, kanzu iliyopigwa pasi, jicho linalojua kwamba picha hii itatundikwa ukutani. Lenzi ilisaidia tu. Kwenye simu mambo yamepinduliwa. Lenzi yake ni ndogo, programu inanyoosha mistari, inang'arisha pembe, na ukimaliza unaambiwa uchague kichujio cha kurudishia pembe zenye giza, mikwaruzo na vumbi. Yaani tunatolewa kasoro za kweli, halafu tunauziwa za bandia!

Maudhui: nani yumo kivulini

Dhamira kuu ya picha za Benako ni mateso ya waliofukuzwa kwao. Lakini mhakiki Susan Sontag, katika kitabu chake cha mwaka 2003 juu ya picha za mateso ya wengine, aliona tatizo ambalo chembe haziwezi kulificha: maelezo chini ya picha za Salgado za wahamaji hayataji majina ya watu. Mtu anabaki mfano wa unyonge wake. Nakubaliana naye, ila ninaongeza jambo moja. Uso kuwa kivulini na mtu kutokuwa na jina ni mambo tofauti. La kwanza linaweza kuwa la nuru. La pili ni la mpigapicha, au la aliyeandika maelezo.

Mkoa wetu wa Lindi una mfano wake. Kati ya 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin ilichimba mifupa ya dinosauria kilimani Tendaguru. Mifupa ya zaidi ya tani 200 ilibebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, na picha zilipigwa. Sahani nyingi za kioo za wakati ule zilikuwa hazioni rangi nyekundu. Ziliona bluu vizuri. Ngozi ya kahawia hurudisha zaidi nuru ya upande wa nyekundu, kwa hiyo sahani ya namna hiyo iliitoa nyeusi kuliko jicho lilivyoiona, wakati mfupa mkavu juani uling'aa. Kwa hiyo katika picha za zama hizo usimlaumu mpigapicha peke yake kwa giza la nyuso. Kemia nayo ilikuwa kipofu. Lakini jina la msimamizi mkuu wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, liliandikwa, na kwa kuwa liliandikwa tunalo. Majina ya wapagazi wengi hatunayo, na hilo halikuwa kosa la kemia.

Huku Nachingwea na Ruangwa jambo hili bado linatugusa usoni, na ninasema usoni kwa maana yake halisi. Wapo wazee wa Kimakonde, Kimakua na Kimwera ambao sura zao zina chale, nembo zilizochanjwa ujanani. Kwa wengine zimefifia, ni mistari myembamba iliyoinuka kidogo juu ya ngozi. Mpige bibi wa namna hiyo jioni, chini ya kibaraza, kwa simu ya kawaida. Nuru ni ndogo, uso ni mweusi, chembe zinajaa. Programu inaona vidoa vidogo na kuanza kulainisha: inachukua kila pikseli na kuifananisha na jirani zake. Haijui tofauti ya chembe na chale. Kwake vyote ni vidoa. Inafuta chembe na nembo inaondoka nayo. Bibi anatoka na shavu laini kama la binti wa tangazo la sabuni. Nembo ile ilikuwa maandishi. Ilisema yeye ni nani na ametoka wapi. Vijana hawachanjwi tena, kwa hiyo picha ndiyo itakayobaki.

Haki itendeke: si kila njia ya kupunguza chembe ni ya kufuta. Simu nyingi siku hizi hupiga picha kadhaa kwa mfululizo na kutafuta wastani wake. Picha 16 zikilinganishwa hivyo, chembe hupungua hadi robo, kama aliyeanika kopo lake mara kumi na sita badala ya mara moja. Hapo hakuna kilichobuniwa, ilimradi mtu ametulia. Kampuni ya Transsion nayo, yenye simu za Tecno, imejitangaza kwa kamera zilizorekebishwa kwa ajili ya ngozi nyeusi, na ni vizuri kwamba kuna aliyefikiria. Ninachokipinga ni ile hatua ya mwisho ya kukisia, ambapo mashine inajaza ngozi isiyoiona.

Wapo watakaonipinga hivi: "Wewe nani uamue bibi abaki na mikunjo yake? Wenyewe wanataka kupendeza." Hoja ina nguvu. Wapigapicha wa studio walichonga penseli na kugusa negativu juu ya uso ili kuondoa kasoro, na wateja walilipa wakashukuru. Bibi akisema afutiwe, afutiwe. Uso ni wake. Lakini kwenye studio kulikuwa na mazungumzo. Mteja alisema, fundi akasikia. Simu haiulizi. Inafuta kwanza, na mara nyingi mwenye uso hajui kwamba palikuwa na picha nyingine.

Kufaulu na kutofaulu

Salgado amefaulu kwa kiasi kikubwa kifani. Alijua sauti yake na akailinda hata chombo kilipobadilika. Pia hakuwa mgeni wa mateso aliyopita kwa basi la watalii. Kabla ya kamera alikuwa mchumi aliyefanya kazi Afrika, na filamu ya mwaka 2014 iliyotengenezwa na mwanawe pamoja na Wim Wenders inaonyesha jinsi Rwanda ilivyomvunja. Kimaudhui ametuachia Benako, na bila picha zile wengi wetu tuliozaliwa baadaye tusingejua kwamba jambo kubwa hivyo lilitokea Ngara.

Hakufaulu kwenye majina. Na chembe zake za theluji, japo zina sababu, zimefungua mlango ambao wengine wamepita bila sababu yoyote. Mwalimu hahukumiwi kwa makosa ya wanafunzi wote, lakini mwanafunzi lazima aambiwe.

Hitimisho

Tufanyeje basi sisi wa huku? Mwaka 2012 kampuni ya Leica ya Ujerumani ilitoa kamera isiyoweza kupiga rangi kabisa, M Monochrom. Kamera za kawaida hufunika pikseli zake kwa vichujio, mpango aliousajili Bryce Bayer wa Kodak mwaka 1976: katika kila pikseli nne, mbili za kijani, moja nyekundu, moja bluu, na rangi zinazokosekana hukisiwa. Leica iliviondoa vichujio. Nuru zaidi ikaingia, kukisia kukapungua, na chembe zikabaki za kijivu, safi, bila madoa ya rangi. Ni kamera nzuri. Iliuzwa karibu dola 8,000, kwa hiyo tuiache hapo ilipo.

Kwa simu kuna njia. Zima sehemu ya urembo. Kama simu inaruhusu, hifadhi picha mbichi kabla programu haijaigusa. Msogeze mtu dirishani au mlangoni. Tone moja la nuru ya kweli lina faida kuliko kufuta kokote. Ukibadilisha picha ya rangi kuwa nyeusi na nyeupe, ujue unachagua. Nyekundu huing'arisha ngozi yetu na kulainisha alama zake. Kijani huzitunza alama. Bluu, hasa kwenye nuru ya kibatari au ya moto ambayo karibu haina bluu, huleta chembe tupu. Ukitaka nembo za bibi zibaki, tegemea kijani, ukubali na chembe kidogo zitakazobaki. Kisha muulize jina lake uliandike, yeye akikubali.

Na kwa wenzangu tunaoandika, hili si la kamera peke yake. Nasi tuna tabia ya kusafisha miswada: neno la kwetu likionekana kama doa tunalifuta, sentensi inayokoroma kama anavyokoroma msemaji wake tunainyoosha, hadi mhusika wa Chiola anaongea kama msomaji wa taarifa ya habari. Wengine nao wananyunyiza maneno ya kijijini juu ya hadithi isiyo na kijiji, kama chembe za theluji. Kabla hujafuta doa, chunguza kama ni chembe au ni chale. Anayeona nimemwonea Salgado, au nimeitetea chembe kupita kiasi, kurasa hizi ziko wazi, na aandike.